Vidole Vinne vya Mpini

Fimbo ya Wande ilikuwa fupi kwa vidole vinne, na katika chumba kile chote aliyeliona hilo ni mimi peke yangu. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la chumba cha mazoezi ya viungo, hospitalini hapa Mwanza, mguu wa kulia nimeunyoosha mbele, kifuko cha mchanga kimefungwa kwenye kifundo, nanyanyua nahesabu, nashusha napumua. Mlango ukafunguliwa, akaingia bibi mnene ameinamia upande mmoja, mkono wote umelalia fimbo. Kabla sijauona uso wake vizuri nilimjua kwa jinsi alivyosafisha koo kabla ya kusalimia. Hakuna mtu mwingine duniani anayesafisha koo mara mbili hivyo, kama anayetaka watu wanyamaze kwanza. Wande binti Masunga. Zaidi ya miaka hamsini sijamtia machoni. Nikashuka na macho mpaka magotini kwake, nikayakuta yamevimba kama maboga, na moyo wangu ukapata raha. Raha hiyo siwezi kuificha, basi siifichi.

"Bibi, shikamoo, karibu," akasema Adelina, yule binti wa Kihaya anayetufanyisha mazoezi. "Magoti yanauma wakati gani?"

"Marahaba, mwanangu. Wewe sema yasipouma ni wakati gani. Nikipanda ngazi. Nikichuchumaa. Kanisani nikipiga magoti ndiyo basi tena, wananiinua wanne kama gunia la mpunga."

Wagonjwa wakacheka. Mimi sikucheka, nilikuwa nimefika kumi na saba na sikutaka kupoteza hesabu. Aliponipita aliniangalia, akasimama. "Wewe ni wa wapi?" akaniuliza. Nikamwambia wa Buhongwa. "Nakufananisha." Nikamwambia watu tunafanana. Akaenda kukaa, akaisukuma fimbo yake chini ya benchi, na mimi nikaendelea kuitazama ile fimbo. Adelina alikuwa ametufundisha wiki ya kwanza tu: mtu asimame wima, mkono uning'inie, kichwa cha fimbo kiguse mfupa wa kiwiko cha mkono huku chini, pale saa inapofungwa. Ikiwa fupi, mwili unainama, uzito wote unashukia goti, na goti linaliwa polepole. Lakini Adelina kila akigeuka alimkuta Wande amekwishakaa, hakumwona akitembea. Mimi nilimwona. Nikanyamaza. Nilinyamaza Jumanne hiyo, na Jumanne iliyofuata, na nyingine tena.

Mimi naitwa Kabula. Haya nayaandika mwenyewe kwenye daftari la mjukuu, kwa herufi kubwa, maana shule yangu ni kisomo cha ngumbaru tu, nilichosoma nikiwa na watoto watatu mgongoni na tumboni. Lakini majina sisahau. Ukitaka nikutajie waliosimama mstarini mwaka ule nitakutajia, na rangi za vitambaa vyao. Habari za baba na mama na ng'ombe wa mahari ya nani, hizo wataandika wengine. Mimi naandika mwaka mmoja, nikiwa na miaka kumi na minane, mwaka ambao goti langu liliharibiwa na nikajua limeharibiwa na nani.

Tulikuwa wasichana watano tunaolala katika nyumba moja kule Misungwi, upande wa bonde linaloshuka ziwani. Nyumba ilikuwa ya Bibi Mbula, mama yake Manju Nkwabi. Manju kwetu ni kiongozi wa ngoma, anayetunga nyimbo na kupanga watu mstarini, na Nkwabi alikuwa manju ambaye hata watoto wachanga walimjua kwa sauti. Nyumba yenyewe ilikuwa ya duara, paa la nyasi, mlango mfupi wa kuinamia, mtungi wa maji kulia ukiingia na jiwe la kusagia kushoto. Tulilala juu ya ngozi za ng'ombe, kichwa ukutani, miguu katikati, mimi, Wande, Minza, Limi na Nkwimba, kama mikono ya gurudumu. Juu ya kichwa cha kila mmoja kulikuwa na kigingi kimechomekwa kwenye udongo wa ukuta, cha kutundikia shanga na khanga. Vyetu vilikuwa vya kuni tu, vimepinda, vingine na magome yake. Cha Wande mwaka ule kilikuwa kipya, mti mweupe uliolainishwa, kinene kama kidole gumba cha mwanaume, na shanga zake za bluu na nyeupe zilining'inia pale zikipendeza. Nilikiona kila asubuhi nikifungua macho. Niliwahi hata kumwambia, "Mwenzetu una kigingi cha kisultani." Akacheka, akasema alikiokota.

Kundi letu lilikuwa la kulima kwa ngoma, bugobogobo. Mwenye shamba anatuita, tunafika alfajiri na ngoma zetu, ngoma ikipigwa majembe yote yanapanda pamoja na kushuka pamoja, na jua likichomoza ekari imegeuka nyeusi. Tukimaliza tunalishwa ugali wa mtama na maziwa mgando, na majembe yaleyale yanageuka ya kuchezea: unalirusha juu, linazunguka, unalidaka kwa mpini, unashuka mpaka chini, unainuka nalo. Wa mbele ndiye anayewapa wengine mwendo. Baada ya kuvuna pamba kulikuwa na mashindano na watu wa ng'ambo ya bonde. Sisi tunacheza uwanja wetu, wao wanacheza uwanja wao, kwa wakati mmoja, kama hatua mia mbili kati yetu, na watazamaji wanakwenda wanakotaka. Mwisho wa siku, mwenye watu wengi ndiye ameshinda. Hakuna mwamuzi, hakuna kikombe. Ni vumbi la miguu ya watu linakwenda upande gani.

Mwaka ule Manju Nkwabi alinichagua mimi kuwa wa mbele. Wande akawa wa pili. Kila mavuno yakiisha nafasi hiyo inatangazwa upya, mtu hapewi maisha, lakini ungeuona uso wake siku ile ungedhani amezikwa. Halafu akatabasamu, akanikumbatia, akasema, "Dada yangu, utatuongoza." Wiki hiyohiyo tulipeleka vipimo kwa fundi wa mipini, Mzee Ndaki. Kila mtu alisimama wima, kamba ikashushwa kutoka mfupa wa nyonga mpaka kisiginoni, ikapigwa fundo, kamba ndiyo kipimo chako. Mipini ilipokuwa tayari mimi nilikuwa na zamu ya kisimani, na Wande akajitolea kwenda kuichukua yote.

Nikiri kosa letu hapa, maana bila kosa hilo Wande asingefika popote. Kwetu, katika kundi lile, mpini ukishapokelewa haupimwi tena mpaka mavuno, na mtu halalamikii jembe lake. Anayelalamika jembe zito, jembe fupi, jembe linateleza, anaambiwa anawafungulia mlango washindani watutupie dawa. Hata kulitazama sana jembe lako mbele ya watu ilikuwa vibaya. Basi nilipolishika la kwangu nikahisi linanivuta chini, nikasema moyoni ni upya wake. Nikalima nimeinama zaidi ya wenzangu. Nikilirusha linazunguka haraka kuliko nilivyozoea, linashuka kabla sijawa tayari, ikanibidi nichuchumae zaidi kulidaka na kuinuka kwa mguu wa kulia peke yake. Mara mia kwa siku. Mvua za mwaka ule zilikuwa nyingi na udongo wa bondeni unajulikana, mweusi, unanata kama gundi, ukishuka kuinuka ni shughuli.

Maumivu yalianzia nyuma ya pia ya goti, kidogo, kama mchanga umeingia kwenye bawaba. Yakaja nikilima, yakaondoka nikikaa. Halafu yakaja nikishuka kisimani. Halafu goti likavimba, nikiinuka linalia kama kuni mbichi. Jioni Wande alinikalisha pale mlangoni kwa Bibi Mbula, akanipaka samli ya moto, akanisugua kwa vidole gumba viwili, anasukuma ile pia huku na huku mpaka machozi yananitoka. "Goti likiuma lifanyishe kazi," aliniambia. "Ukilipumzisha litaganda. Kesho ongeza kushuka, usipunguze." Mimi nilimshukuru. Nilimshika mkono nikamwambia, Mungu akupe mume mwema. Hilo la kunisugua ndilo lililonikaa rohoni kuliko yote. Kukata mti ni dakika moja, shetani anaweza kumpitia mtu kwa dakika moja. Kunisugua alinisugua jioni ishirini na zaidi.

Siku moja nilikuwa nimekaa nyuma ya kihenge cha mtama, mguu nimeuweka juu ya kinu, natafuna michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, ambayo Bibi Mbula alinipa kwa siri kwa sababu ananihurumia. Nikasikia watu wanakuja upande wa pili. Koo likasafishwa mara mbili.

"Manju, siyo kwamba namsema. Yule ni dada yangu. Ila goti linavimba hivi hivi tu, hakuanguka, hakugongwa na kitu. Wewe mwenyewe unawajua watu wa ng'ambo."

"Ameruka kitu kilichotegwa?" Manju akauliza.

"Mimi sikuona. Lakini asubuhi ile ya shamba la Mzee Malale alipita njia panda wa kwanza kabla yetu. Namwambia ngoja, hasikii."

Nilisikia Manju anachora chini na fimbo. "Basi mbele hatakaa," akasema. "Mtego ukiwa kwa wa mbele unawashika wote. Utakaa wewe."

"Mimi? Jamani Manju, mimi nitaweza?"

Sauti ile! Mpaka leo nikipika uji ukaanza kutoa povu naisikia. Na unajua mimi nilifanya nini kule nyuma ya kihenge? Nilimwamini. Nilimeza michembe nikasema kweli, ni watu wa ng'ambo, ni yule manju wao Maganga, ameniona naweza akanifunga goti. Nikamchukia Mzee Maganga, mtu ambaye hata salamu hatujawahi kupeana. Wakanipeleka kwa mganga, Mzee Luhende, akanichanja kwa wembe kuzunguka goti zima, akapaka dawa nyeusi, akanikataza kuosha. Siku ya nne goti likatoa usaha, nikapata homa. Na kwa kuwa mtu aliyetegwa halali nyumba moja na majembe ya kundi, nikatolewa kwa Bibi Mbula. Minza na Limi walilia. Nkwimba alinifungia khanga zangu. Wande alinisindikiza mpaka njiani amenibebea mkeka, akasimama pale ananipungia mkono. Niligeuka mara tatu kumwangalia.

Nilipelekwa ziwani kwa Bibi Nyanjura, mwanamke wa Kijita aliyekausha samaki, rafiki yake Bibi Mbula wa kubadilishana mtama na sato. Kibanda chake kilikuwa hatua chache kutoka majini, kuta nyeusi kwa moshi, harufu ya furu waliokaushwa imeingia mpaka kwenye maji ya kunywa. Chakula chetu kilikuwa ugali wa muhogo na mchuzi wa furu wadogo wasio na nyama ya kushika, unafyonza tu. Alikuwa mwembamba, mkali, na kiko chake hakikutoka mdomoni hata akiongea. Alilifungua goti langu, akalitazama.

"Nani kakuchana hivi?"

"Mzee Luhende, bibi."

"Alikuwa anatafuta nini humo, kisima?"

Nikamwambia nimetegwa na watu wa ng'ambo. Akaliosha goti kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa mpaka nikapiga kelele, halafu akaniuliza linauma nikifanya nini. Nikasema nikilima, nikishuka, nikiinuka.

"Na ukilala?"

"Nikilala halina neno."

"Mchawi gani huyo anayelala na wewe ukilala? Pumbavu. Hilo ni goti limechoka."

Kwa siku kumi hakuniruhusu kuchuchumaa hata kwenye moto. Aliniweka mguu juu ya nyavu zilizokunjwa, mguu uwe juu kuliko kiuno, na asubuhi na jioni akanifunga kitambaa kilicholowekwa maji baridi ya ziwa, likipata moto anabadilisha. Uvimbe ukashuka. Kidonda kilipofunga, akanikalisha kwenye kigoda, akafunga mchanga wa ufukweni kwenye kitambaa, akaufunga mguuni, akasema nyoosha, nyanyua, hesabu mpaka nivute kiko mara tano, shusha. "Goti ni mlango," alisema, "paja ndiyo mwimo wake. Mwimo ukilegea mlango utasugua chini tu." Nilinyanyua mpaka paja likatetemeka kama maziwa kwenye kibuyu. Baadaye akaniingiza ziwani. Kwanza anapiga maji kwa kasia, pa, pa, pa, kufukuza mamba, halafu mimi naingia mpaka kifuani na kutembea, kwenda na kurudi, kati ya jiwe kubwa na mtumbwi wake. Kule ndani ya maji mwili haukuwa na uzito. Goti lilikunja na kukunjuka bila kulia. Nilitembea ziwani miezi miwili, na yeye juu ya jiwe na kasia lake ananitukana, "Nyanyua! Unatembea kama bata aliyeshiba!" Leo Adelina ananifanyisha yaleyale, barafu, mguu juu, mchanga, nyanyua hesabu, na ananieleza kwa upole kama jambo geni. Namwachia aeleze.

Siku niliyopona kiasi, Bibi Nyanjura akasema, "Chukua jembe lako nikuone unavyolima." Nilikuwa nalo, hakuna aliyetaka kubaki nalo. Nikapiga majembe matatu kwenye mchanga. Akatoa kiko mdomoni, mara ya kwanza namwona anakitoa.

"Hilo jembe la mtoto. Simama wima. Liweke hapa." Likafika chini ya nyonga, pale mfupa wa paja unapopotelea kwenye nyama. Akaweka vidole vyake kati ya mwisho wa mpini na mfupa wangu. Kimoja, viwili, vitatu, vinne. "Nani alikupimia?"

Kesho yake nilitembea mpaka kwa Mzee Ndaki, asubuhi nzima, goti halikuuma. Ndaki alikuwa mtu wa taratibu, kamba zote alizitundika pale karakana, kila moja na alama yake. Akashusha ya kwangu, akailaza kwenye mpini. Fundo likabaki hewani, vidole vinne nje ya mti. Akageuza mwisho wa mpini, akaupitisha kidole. "Hapa si mimi," akasema. "Mimi nalainisha kwa majani ya msasa. Hapa pamekatwa kwa kisu cha jikoni, halafu pakapakwa majivu kuficha weupe." Weupe. Aliposema neno hilo nikakiona kile kigingi. Sikumuaga vizuri, Mungu anisamehe kwa Ndaki.

Nilifika kwa Bibi Mbula saa za mchana wote wako shambani. Nikainama mlangoni, nikaingia. Ngozi zilikuwa nne, yangu wameikunja. Nikazitoa shanga za Wande moja moja, nikaziweka chini kwa adabu, nikashika kigingi nikakivuta, kikatoka na udongo wake. Nikakiweka mwisho wa mpini wangu. Kilikaa kama kidole kilichorudi mkononi, hata mshipa mweusi wa mti ulipita kutoka kwenye mpini ukaendelea kwenye kigingi bila kupinda. Alikuwa amelala chini ya kipande cha jembe langu miezi yote ile, ametundika urembo wake, ananisikia usiku nikigeuza mguu na kuguna. Nilikaa pale sakafuni. Ningeweza kumsubiri Manju nimwonyeshe. Lakini nilijua wangesemaje: mpini haupimwi mpaka mavuno, na wewe umepima. Ningekuwa mimi tena mwenye kosa. Basi nikaacha shanga chini, tundu wazi ukutani, nikatoka na kipande changu kwenye upindo wa khanga, nikashuka bondeni, nikapanda ng'ambo.

Mzee Maganga alikuwa anasuka kamba. Nikampigia magoti, goti la kushoto kwanza, nikamwamkia, nikasema, "Baba, nilikuchukia miezi yote hii bila sababu. Nimekuja unipe jembe."

Alinitazama sana. "Wewe si wa Nkwabi?"

"Nilikuwa."

"Ukicheza kwangu hutarudi kule, binti. Watakutungia nyimbo. Wajukuu wako watazisikia."

Nikamwambia nipime. Akanipima mwenyewe, nyonga mpaka kisigino. Katika wiki zilizobaki nilibadilisha mchezo. Kushuka chini nikakuacha kabisa, goti lisingekubali, nikacheza nimesimama: kwa mpini wa kipimo changu jembe lilipanda juu likazunguka mara mbili, polepole, linameta, nikalidaka nyuma ya mgongo. Siku ya mashindano Wande alikuwa mbele ya mstari wetu wa zamani, na vitambaa vyekundu, amependeza, siwezi kusema uongo. Ngoma zikaanza pande zote. Watu wakajaa kwao kwanza, kama kawaida ya Nkwabi. Halafu mtu mmoja akaona jembe langu juu ya vichwa, akaja. Wakaja watatu. Ikaja familia nzima na viti vyao. Nikawa narusha juu zaidi. Kutoka kwangu niliwaona kule wanapungua, nikamwona Wande anavyojitahidi kuwarudisha: anaruka, anatua kwa magoti yote mawili kwenye ardhi ngumu ya kiangazi, anainuka, anaruka tena, anatua. Watu wakapiga makofi kidogo, wakaondoka. Akaruka tena. Niliyahesabu matuo yale. Nilifika arobaini na moja. Mwisho wa siku alikuwa anamchezea Bibi Mbula na mbuzi wawili, na vumbi lote la Misungwi lilikuwa upande wangu.

Adelina anasema magoti ya Wande ni uzee na unene. Adelina amesoma. Mimi nina hesabu yangu.

Nyimbo zilitungwa, kama Maganga alivyosema. Za kunitukana, nzuri mno, Nkwabi alikuwa na kipaji. Sikulala tena kwenye nyumba ile ya duara. Minza aliolewa sikumsindikiza. Limi alikufa kwa uzazi nikapata habari baada ya miezi mitatu. Bibi Mbula alizikwa nikasimama mbali barabarani kama mpita njia. Hayo yote nayaweka kwa Wande, na kile kipande nikakitunza, Misungwi, Mabatini, mpaka Buhongwa, ndani ya boksi la vyeti vya ubatizo vya watoto.

Jumanne ya nne Adelina akaniambia, "Bibi Kabula, wewe umeshakuwa hodari, msaidie bibi huyu kunyanyua." Jina langu likasikika chumba kizima. Wande akainua uso polepole. Nikamfunga kifuko cha mchanga mguuni kwa mikono yangu. "Nyoosha," nikamwambia. "Nyanyua. Usipinde." Alinyanyua, jasho linamtoka, macho hayatoki kwangu. Nikatoa kile kipande, nilichokiondoa kwenye boksi asubuhi ile, kwenye upindo wa khanga nikakiweka kwenye benchi katikati yetu.

Alisafisha koo mara mbili. Akaushusha mguu.

"Bado unacho," akasema.

"Unyanyue mguu, hatujafika kumi."

Akanyanyua. "Kabula. Nilikuwa mrefu kuliko wewe. Nilikuwa najua nyimbo zote. Ningekaa nyuma yako mpaka lini?"

"Mpaka mavuno, Wande. Mpaka mavuno tu."

Akalia. Wagonjwa wakadhani ni mazoezi, mmoja akamwambia pole bibi, utazoea. Mimi nikaivuta fimbo yake kutoka chini ya benchi, nikamsimamisha, nikaiweka ubavuni kwake mbele ya Adelina na watu wote. Nikaweka vidole vyangu kati ya kichwa cha fimbo na mfupa wa mkono wake. Kimoja, viwili, vitatu, vinne. "Nani alikupimia?" nikamuuliza. Adelina akashika mdomo, akasema, "Jamani, bibi, na mimi sikuona!" Nikachukua kile kipande nikamwekea Wande kiganjani, nikavikunja vidole vyake juu yake. "Mpelekee fundi akiunge chini ya fimbo. Hiki kitatosha. Kipimo chake unakijua."

Adelina aliniambia nina roho nzuri. Nilimwacha aamini.

Jumanne iliyofuata nilikuwa benchini, nimefika kumi na tisa, nikamsikia Wande kabla hajaingia. Fimbo imeungwa, mti mweupe chini umekuwa kahawia kwa miaka, anatembea wima, magoti yamepata nafuu, kila mtu anaona. Ameegemea vidole vyangu vinne, na ataviegemea kwenda chooni, kwenda kanisani, kwenda kwa wajukuu, mpaka siku watakayomlaza. Koo hakusafisha. Aliingia ameinamisha uso, na kile kipande kikagonga sakafu ya saruji kila hatua, ko, ko, ko, nami nikashusha mguu nikasikiliza mpaka alipokaa.